Chipu ya Miguu Minane

Mwezi uliopita fundi alikuja ofisini kwetu kuifungua kompyuta yangu. Alipoondoa tu mfuniko, harufu ikanifikia kabla hajasema neno: vumbi lililopashwa joto, plastiki kuukuu, na kitu kama chuma kilichoachwa juani. Mwenzangu wa meza ya jirani akalalamika, akainuka kufungua dirisha. Nikamwomba asubiri kidogo. Alidhani natania. Lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka ofisini, niko Ifakara, binti wa darasa la saba, nimekaa kwenye kigoda barazani kwetu, nasubiri kusikia kama kompyuta itapumua.

Mimi sioni. Nilizaliwa na mwanga kidogo tu, wa kutambua dirisha liko upande gani, na huo nao uliondoka kabla sijajua kuuthamini. Kwa hiyo utoto wangu hauna picha. Una cherehani ya Mama inayokimbia na kusimama, una mashine ya kukoboa mpunga inayonguruma mtaa wa pili, una harufu ya perege wa kukaangwa na ya matope ya Mto Lumemo maji yakijaa. Na kwa kipindi kifupi ambacho nakishukuru mpaka leo, una mlio mmoja mwembamba, "pii", ambao ulikuwa na maana kubwa kwangu kuliko kengele ya kanisa.

Kompyuta ile aliileta Mjomba Deo, kaka yake Mama, aliyekuwa mhudumu katika ofisi moja Dar es Salaam. Ofisi ilipobadilisha mashine zake akaomba moja ya zile za zamani, akaifunga kwenye blanketi, akaja nayo kwa basi, amelipakata lile kasha ambalo wengi wa rika langu mtakumbuka tulikuwa tunaliita sipiyu. Kioo kilikuwa cha aina ile yenye kisogo kikubwa, lakini mimi hakikunihusu. Kilichonihusu ni programu aliyoiweka ndani, ya kusoma kwa sauti kila kinachoandikwa. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamume anayeongea kama amebanwa pua, asiyejua kabisa kutamka "ng'ombe". Nikampa jina Bwana Pua. Kwa muda mrefu niliamini ni mtu, au alikuwa mtu, na kwamba alikubali kukaa mle kwa sababu ya hali ngumu.

Nilivyokuwa kabla ya Bwana Pua nitaeleza kwa kifupi. Shuleni kulikuwa na kitengo cha watoto wasioona, na huko nilijifunza nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa. Niliandika sana. Ila aliyeweza kuyasoma maandishi yangu alikuwa mwalimu wa kitengo na wenzangu wachache. Mama alisoma herufi za kawaida, mimi nilisoma za nundu, na katika nyumba yetu yote hapakuwa na ukurasa mmoja ambao sisi wawili tungeweza kuusoma. Siku nilipomaliza kujifunza kinanda cha kompyuta niliandika, "Mama leo mihogo ilikuwa na chumvi nyingi." Nikamwita. Cherehani ikasimama. Akasoma polepole, kama mtu anayevuka daraja la miti. Akasoma tena. Halafu akasema, "Kumbe unalalamika namna hii," na sauti yake ilikuwa na kitu nilichokuja kukielewa baadaye sana.

Tangu hapo nilimwandikia kila kitu. Alikuwa akimaliza kushona anakuja kusoma. Mwalimu naye akaanza kuniletea maswali ya majaribio kwenye flashi, na Bwana Pua akanisomea, na kwa mara ya kwanza nikawa nasoma kitu kile kile wanachosoma wenzangu wanaoona, siku ile ile. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa mwaka ule.

Mvua zilipoanza, Mjomba Deo akaja likizo. Alikuwa amebeba diski mpya, kubwa zaidi, amenijazia vitabu vya kusikiliza. Kompyuta ikakataa kuitambua. Mjomba akasema si neno, ni bayosi tu ya zamani, ataisasisha. Neno hilo sikulijua. Nilikaa karibu yake akifanya hivyo, nikisikiliza feni ikizunguka na Mama barazani akikata kitambaa. Ghafla friji la jirani likanyamaza, kisha redio ya ng'ambo ya barabara, kisha feni. Umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa kawaida yetu, hata sikushtuka. Lakini nilimsikia Mjomba akisema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo kama mtu aliyeona nyoka mguuni na hataki kumshtua.

Umeme uliporudi, feni ilizunguka. Ile "pii" haikuja. Mjomba akazima, akawasha. Feni ikazunguka. Akatoa betri ndogo ya ndani, akairudisha. Feni tu. Alijaribu hadi ubani wa jioni ukaanza kunukia kwa majirani, na Mama akamwambia, "Deo, njoo ule." Hakuja kula.

Alipaswa kurudi kazini, akaondoka kwa basi la asubuhi. Alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilitaka iwe nzuri zaidi, mpwa wangu," alisema. Nikamwambia asafiri salama.

Mama akaita fundi, naye akaja na mwenzake. Walifungua sipiyu barazani, wakapima hiki na kile, wakanong'ona. Mimi nilikuwa chumbani nikisikiliza kupitia dirisha. Mmoja akasema, waziwazi kabisa, "Maza imekufa."

Mnajua jinsi vijana wa mjini wanavyoita mama zao. Nilikuwa nimemwacha Mama jikoni muda mfupi uliopita, akipuliza moto. Nilitoka mbio, nikagonga ndoo, nikafika jikoni nikaanza kupapasa hewani mpaka nikaushika uso wake. Ulikuwa wa moto na wenye jasho.

"Skola, una nini?"

"Wamesema maza amekufa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba mazabodi ni ile bodi kubwa ya ndani ya kompyuta, ambayo kila kitu kinachomekwa juu yake. Akacheka tena. Nami nikiwa bado nimemshika mashavu nikahisi yamelowa, na si kwa jasho. Nikashangaa kwa nini mtu ambaye hajafa analia. Nilidhani ni moshi. Leo najua alikuwa ameelewa kwamba hana namna ya kupata mazabodi nyingine, na kwamba ukurasa wetu wa pamoja umefungwa.

Sina neno baya kwa wale mafundi. Walisema walichokiona, wakafunga kila skrubu mahali pake, wakaenda. Mmoja wao ndiye aliyesema akiwa mlangoni, "Mama, mjaribu na yule dada wa sokoni, Oliva. Huwa ana subira."

Dada Oliva alikuwa na kibanda karibu na soko, akitengeneza simu na redio. Alikuwa ametoka chuo cha ufundi si muda mrefu. Alikuja kwetu jioni, viatu vyake vikilia kwa matope, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuniuliza mimi, si Mama, "Ilikuwa inalia vipi ikiwaka?"

"Pii. Mara moja. Fupi."

"Na sasa?"

"Feni tu."

"Hailii hata kidogo? Hata mara nyingi nyingi?"

"Hailii."

"Basi mazabodi haijafa," alisema. "Ingekuwa imeungua hata feni isingezunguka hivi. Hii imesahau tu."

Tangu siku ile nimependa watu wanaouliza swali kwanza.

Akaifungua, na harufu ile ikajaa baraza. Akaingiza kitu chembamba, akabetua, akachukua kiganja changu na kuweka kitu juu yake. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi iliyochongwa mraba, na kilikuwa na miguu. Nikaihesabu kwa ncha ya kidole. Minne huku, minne huku, safu mbili zilizonyooka.

Nikajaribu kuisoma. Ilikuwa lazima. Maisha yangu yote, kila kilichopangwa safu mbili za nukta kilikuwa herufi. Na ile, ingawa ilizidi nukta mbili, ilikuwa alama niliyoijua: nukta zote zimejaa, alama tunayoitoboa juu ya kosa tunapotaka kulifuta.

"Imeandikwa 'futa'," nikamwambia Dada Oliva.

Hakunicheka. Nilimweleza habari ya nukta, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hapana, hiyo ni miguu tu, ya kusimamia. Maandishi yako ndani, hata mimi siyaoni. Sikiliza. Kompyuta ikiamka haijui kitu. Haijui kama ina kinanda, haijui kama ina diski. Hii chipu ndiyo inayoiambia: una hiki, una kile, anzia pale. Mama yako amenieleza: mjomba wako alikuwa anaandika maneno mapya humu, hiyo bayosi yake, umeme ukakatika katikati ya sentensi. Sasa ikiamka inasikia nusu ya sentensi, inabaki imeduwaa."

"Na Bwana Pua, yule anayenisomea?"

"Yuko kwenye diski. Mzima. Na maandishi yako yote. Hajapata wa kumfungulia mlango tu."

Halafu akamgeukia Mama, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazi. Alisema akipata kompyuta nyingine ya aina hii hii, yenye chipu nzima, ataiwasha. Ikishaamka haiihitaji tena ile chipu, kwa sababu imeshakumbuka kila kitu. Hapo ataichomoa chipu nzima mashine ikiwa inafanya kazi, achomeke hii yetu mahali pake, aiamuru mashine iiandike upya.

"Ikiwa inawaka?" Mama aliuliza.

"Ikiwa inawaka. Ikizimwa haitaweza kuamka na hii mbovu."

"Na ikienda vibaya?"

"Mkono ukiteleza, mama, mashine zinakufa zote mbili."

Mvua ilikuwa inapiga bati. "Na kuna mtu Ifakara hii mwenye mashine kama hii?" Mama aliuliza hatimaye.

"Yupo," alisema Dada Oliva. "Mzee Faraji."

Mzee Faraji alikuwa na duka la vifaa vya shule, na pembeni yake chumba cha kuchapa na kutoa nakala. Watu wake walitoka pwani zamani, yeye mwenyewe alizaliwa Ifakara, lakini alikuwa bado na ule ulimi laini wa kwao. Mwanawe mkubwa, Hamadi, ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Dada Oliva aliwahi kuwabadilishia feni, ndiyo maana alijua kompyuta yao ni pacha wa yetu. Shule za mji mzima na za vijijini, mpaka Idete, zilileta mitihani yao ya majaribio kuchapwa pale.

Tulikwenda watatu, mimi nimeshika kiwiko cha Mama. Kiwiko kilikuwa kigumu. Mama hakuwa mtu wa kuomba.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema.

"Marahaba, Mama Skola. Karibuni, ingieni, msilowe hapo. Na huyu ndiye Skola mwenyewe?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe mwandishi."

Dada Oliva akaeleza shida yetu. Hakuficha kitu. Alipofika pale pa zote mbili kufa, nilisikia kiti kikisogezwa kwa nguvu.

"Baba," alisema Hamadi, "humu mna kazi za watu. Mna mitihani ya shule. Hii ikizimika leo, kesho nawaambia nini walimu?"

Maneno yake yalikuwa ya haki. Hata mimi niliyatambua, na nikaanza kumvuta Mama kiwiko tuondoke. Mzee Faraji hakumkemea mwanawe. Aliuliza, "Kazi za watu zinaweza kutolewa, zikawekwa mahali pengine kwanza?"

"Zinaweza," alisema Hamadi. "Lakini mashine?"

"Mashine ikifa, taipureta yangu iko stoo. Nimeandika nayo miaka mingi kabla hujazaliwa, na walimu walikuwa wanaridhika." Kisha akaniuliza mimi, "Mwanangu, ukiandika, nani anasoma?"

"Mama."

"Na zamani, kabla ya hiyo mashine?"

"Alikuwa hawezi."

Nilisikia vidole vya Mzee Faraji vikigonga kaunta taratibu.

"Kesho," alisema. "Baada ya sala ya adhuhuri, nitafunga duka kidogo. Na hatutautumia umeme wa nguzoni, maana ndio uliowaponza. Nitawasha jenereta."

Usiku ule, kwa kweli, sikuiombea kompyuta. Nilikuwa na wasiwasi mwingine kabisa. Nilivyomwelewa Dada Oliva, akili ya mashine ya Mzee Faraji ingechukuliwa na kuwekwa katika ya kwetu. Kwa hiyo atakayeamka hatakuwa Bwana Pua. Atakuwa mwingine, mwenye ulimi wa pwani, anayejua bei za madaftari na mitihani ya shule zote, na hatanijua mimi. Na lililoniuma zaidi, mashine ya Mzee Faraji itabaki tupu, imeduwaa, kwa ajili yangu. Nilitaka kumwambia Mama tusiende. Niliogopa ataniona sina shukrani.

Kesho yake Hamadi mwenyewe alikuja kuchukua sipiyu yetu kwa baiskeli, ameifunika nailoni. Dada Oliva alikuwa ametangulia dukani. Tulipofika milango ilikuwa imerudishwa, chumba kina joto, na nje nyuma ya ukuta jenereta inaunguruma. Dada Oliva alikuwa ameilegeza chipu ya mashine ya Mzee Faraji kabla ya kuiwasha. Sasa alimwomba Mama uzi imara, na Mama, ambaye hakuwahi kutoka nyumbani bila uzi, akautoa kwenye pindo la kanga. Dada Oliva aliupitisha chini ya chipu, ili aivute juu wima bila kugusa kitu kingine chochote.

"Naomba mnyamaze sasa," alisema. "Skola, weka mkono hapa."

Aliniwekea kiganja kwenye ubavu wa sipiyu ya Mzee Faraji. Ilikuwa inatetemeka kidogo, kama paka anayelala.

"Iko macho," alisema. "Navuta."

Sikusikia kitu. Nilihisi tu kwamba mtetemo haukukatika. Mama alikuwa ameacha kupumua. Kikasikika kitu kidogo kikibonyea, "tk", na Dada Oliva akasema, "Yenu imeingia." Kisha vidole vyake vikapita kwenye kinanda, haraka, na akasema, "Inaandika. Mtu asiguse kitu."

Hapo ndipo mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa yote mara moja juu ya bati, na nyuma ya ukuta jenereta ikakohoa. Ikarudi. Ikakohoa tena, ndefu zaidi, na chini ya kiganja changu ule mtetemo ukalegea.

"Maji yanaingia," alisema Mzee Faraji.

Nilisikia hatua zikipita nyuma yangu, mlango wa uani ukafunguliwa, harufu ya petroli na mvua ikaingia, mlango ukafungwa. Jenereta ilikohoa mara nyingine, kisha ikashika, ikatulia. Ikaendelea kunguruma sawasawa. Nilibaki na kiganja pale pale. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba tungesema lolote tusingesikiana.

"Imemaliza," Dada Oliva alipaza sauti. Alivuta chipu yetu kwa uzi ule ule, akarudisha yao, akaiwasha mashine ya Mzee Faraji upya. "Pii," ikasema, kama siku zote. Nilisikia Mzee Faraji akimshukuru Mungu kwa Kiarabu. Halafu Dada Oliva akageukia sipiyu yetu, akachomeka chipu kwenye soketi yake, akaibonyeza, akawasha.

Feni ikazunguka. Nilijua feni hudanganya. Nikasubiri.

"Pii."

Mara moja, fupi. Mama alinishika bega akanibana mpaka likauma. Tuliendelea kusubiri, diski ikikwaruza, ikikwaruza, na mwishowe, kupitia spika ndogo za Hamadi, mtu aliyebanwa pua akatukaribisha kwa matamshi yake mabovu kabisa. Nikawauliza wote kwa pamoja, "Ni yeye?" Nikaandika "ng'ombe". Akalikosea vile vile alivyolikosea siku zote. Alikuwa ni yeye.

Ndipo nikakumbuka lililonikosesha usingizi. "Babu," nikasema, "na yako sasa itakumbuka nini?"

Mzee Faraji alitaka kwanza kuelewa swali. Nilipomweleza, aliinama, nikajua kwa sababu sauti yake ilikuja usawa wa uso wangu. "Mwanangu, ukimfundisha mwenzako darasani kuhesabu, wewe unasahau?"

"Hapana."

"Basi hata yangu haijapungua kitu. Wewe ulikuja hapa ukidhani unaninyang'anya?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo kidogo.

Mlango wa uani ulifunguliwa na Hamadi akaingia, maji yakimdondoka sakafuni. Alikuwa amesimama nje muda wote ule, ameinua turubai juu ya jenereta kwa mikono yake miwili, yeye mwenyewe akilowa, yule yule aliyekuwa hataki. "Imepona?" aliuliza. Mama alivua kanga yake ya juu akampa ajifute. Hamadi alijifuta kichwa, akauliza kama tutataka aturudishie mzigo sasa hivi au mvua ipungue.

Wiki zilizofuata cherehani ya Mama ilifanya kazi ambayo haikuwa ya wateja: gauni la Dada Oliva, shati la Hamadi, kanzu ya Mzee Faraji ambayo aliivaa msikitini Ijumaa mpaka ikapauka, nasikia. Baba, ambaye muda wote ule alikuwa shambani Michenga akilinda mpunga, aliporudi alipeleka gunia lake dukani kwa Mzee Faraji, akakaa kwenye benchi la nje mpaka alipokubaliwa kuliacha. Mjomba Deo alipopata habari kwa simu, aliniomba niisogeze simu karibu na kompyuta, niizime, niiwashe, asikie mwenyewe. Nilifanya hivyo. Akaniomba niirudie, na niirudie tena, mpaka salio likaisha.

Nilifaulu mtihani ule. Nikaenda shule ya mbali, kisha mbali zaidi, na leo kazi yangu ni kuandika vitu vinavyosomwa na watu nisiowajua. Kompyuta ile ilizeeka kwa heshima, ikafa kifo chake cha kawaida. Mama bado ananisoma. Bado ananiambia nalalamika sana.

Kwa miaka yote nilihadithia kisa hiki nikimsifu Dada Oliva kama fundi mzoefu aliyejua anachofanya, na Mzee Faraji kama mtu mwenye busara ya kumwamini fundi mzuri. Mwaka jana nilikwenda Mlimba kikazi, nikamtafuta Dada Oliva, ambaye sasa ana duka lake huko na wanafunzi wanaomwita mama. Nikamhadithia jinsi ninavyomhadithia. Akacheka.

"Skola, mimi nilikuwa sijawahi kuifanya kazi ile."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Niliwahi kumwona mwalimu wetu chuoni akiifanya, mara moja, nikiwa nyuma ya wenzangu. Nyingine nilisoma mtandaoni. Mkono wangu haukuwahi."

"Na Mzee Faraji hakujua."

"Alijua. Asubuhi ile nilipofika, kabla yenu, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, mzee, nakuomba radhi, mimi hii ndiyo mara yangu ya kwanza. Nilijua atasema basi, tuache. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya bisibisi zangu."

"Akasemaje?"

Nilimsikia Dada Oliva akivuta pumzi, na alipoongea sauti yake haikuwa ya fundi mwenye duka. Ilikuwa ya binti aliyesimama mbele ya kaunta na mfuko wa vifaa mkononi.

"Aliniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akaingia ndani, akarudi na chai na chapati, akaniwekea kiti. Akasema, 'Kaa ule kwanza, binti. Mkono wa mwenye njaa unatetemeka.' Akakaa na mimi mpaka nikamaliza. Halafu ndiyo akaenda kuweka mafuta kwenye jenereta."